Dumu Linapomponyoka Mchota Maji

Dumu la lita 20 likimponyoka mtu mteremkoni, kwanza hutafutwa wa kulaumiwa. Mwendo wa dumu huulizwa baadaye, nao hujulikana bila saa, alimradi hesabu ya nishati ionyeshe pia kilicholiwa na msuguano.

Ajali hii ina makazi yake kusini mwa Tanzania, kuanzia Chiungutwa wilayani Masasi hadi Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu mchanga humeza mvua, chemchemi zikatokea chini makorongoni, na vizazi kwa vizazi vimepanda na maji kichwani. Kila hatua ya kupanda hulipa dumu nishati, na likiponyoka huanza kuirudisha, tena bila kuombwa.

Chukua mteremko wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 6. Maji ni kilo 20, uzito wake kama nyutoni 200. Plastiki na lawama hazihesabiwi. Nishati ya kimo ni 200 × 6, yaani jouli 1,200. Pasipo msuguano, dumu lingefika chini kwa karibu mita 11 kwa sekunde, kilomita 39 kwa saa, mwendo wa bodaboda yenye abiria.

Lakini njia ina changarawe na mizizi ya mikorosho. Msuguano ukivuta nyuma kwa nyutoni 84, katika mita 10 umekula jouli 840. Zinabaki 360 za mwendo. Kwa kuwa nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, mraba huo ni 36, na mwendo ni mita 6 kwa sekunde. Mwenye dumu akianza kuvua ndala, amechelewa.

Zile 840 zimegeuka joto. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia Uingereza, alilipima jambo hili miaka ya 1840 kwa kukoroga maji. Zikiingia zote dumuni, maji hupata moto kwa sehemu moja ya mia ya nyuzijoto. Chai haitoki.

Yote haya ni kwa dumu linaloteleza kwa adabu. Likibiringika, au kizibo kikichomoka, mwanafunzi ana haki ya kuweka kalamu chini. Likifika tambarare yenye udongo uleule, uzito wote huulalia udongo, msuguano hufika nyutoni 105, na jouli 360 huisha baada ya kama mita 3.4. Kuku aliyelala mita nne mbele hana haja ya kuamka.