Ruta Yenu Iko Mwembeni

Kwa Mkurugenzi wa Masoko, kampuni yangu ya simu (jina nalihifadhi, minara inajulikana).

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka Goba, bondeni, ambako nakuandikia nikiwa chini ya mwembe. Usidhani nimekuja kupunga upepo. Ruta yenu ndiyo inayoishi huku: imening'inia tawini ndani ya ndoo ya plastiki, na waya wake wa umeme unapitia dirisha la jikoni. Ilianzia sebuleni kama mgeni wa heshima, ikahamia juu ya friji, ikapanda juu ya kabati, ikakaa dirishani wiki nzima. Mke wangu anasema imeitembea nyumba yetu kuliko mashemeji wote.

Tangazo lenu lilisema "intaneti ya nyumbani". Sasa nimeelewa kwamba nyumbani ni pamoja na kiwanja.

Sina ugomvi na maumbile. Nimeshajifunza kwamba masafa ya chini, kama ya 800 MHz, hupenya ukuta bila makuu, na yale ya 2600 MHz, yenye kasi mnayoipigia debe, yakikutana na tofali na bati huishiwa nguvu. Elimu hiyo niliipata juu ya ngazi. Kijana wenu wa dukani aliniuliza swali moja tu: nalipa taslimu au kwa simu?

Lililonitoa ndani ni lile neno kubwa la bangoni: BILA KIKOMO. Nililipia tarehe 1. Tarehe 9 ukaja ujumbe: "Mpendwa mteja, umefikia kiwango cha matumizi ya haki." Nikakaa kujiuliza nimemdhulumu nani. Tukapiga hesabu mezani. Video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Watoto wawili, kila mmoja na filamu yake, saa mbili kila jioni: GB 12 kwa siku. Bila kikomo yenu, nilikuja kuisoma chini kabisa ya bango kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, ina GB 100. Kwa hiyo haki yetu ilikwisha siku ya tisa, na siku ishirini na moja zilizobaki tunaishi kwa kilobiti 512 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, faili la GB 1 linashuka kwa zaidi ya saa nne. (Hata ile kasi ya 20 ya bangoni niliidhani megabaiti. Kumbe megabiti, gawanya kwa nane. Mngetuambia tuje na kikokotoo.)

Mwanangu wa kidato cha tatu sasa ananunua bando la usiku kwenye simu yake. Saa saba usiku anaamka, anapakua masomo, anarudi kulala. Jirani akiona taa anadhani tunakula daku.

Halafu kuna hili la anwani za intaneti. Najua zile za IPv4, kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, ziligawiwa zikaisha, ndiyo maana mmetupakia wateja kibao kwenye anwani moja kama abiria wa daladala la Mbagala. Sipingi kubanana. Ila kamera niliyonunua ili nione geti nikiwa kazini haifikiki kutoka nje, na kila tovuti ninayobisha hodi inaniuliza kama mimi ni roboti. Nimebofya picha za pikipiki hadi nimeanza kuwa na mashaka mwenyewe.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada mmoja mwenye sauti ya asali akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Nikamwambia, mwanangu, ili nizime inabidi nipande mti.

Ombi langu ni dogo. Siombi mnara. Pale palipoandikwa BILA KIKOMO, andikeni GB 100 kwa herufi zilezile. Rangi nitanunua mimi.

Mkishindwa, basi mtume fundi upesi, kwa sababu maembe yameanza kuiva na watoto wa jirani wanayaangua kwa mawe. Jana jiwe limepasua ndoo.

Mpendwa mteja,
Goba, Dar es Salaam