Muulize Shosho: Gunia la Jirani Limevaa Kilemba

*Shosho, naishi ghorofa ya pili hapa Ruring'u. Jirani wa mlango wa pili amejaza korido: pikipiki, godoro, mtungi wa gesi na gunia kubwa la viazi. Napita ubavu ubavu kama kaa. Nifanyeje?*
*Mbanwa wa Ghorofa ya Pili*

Mjukuu wangu Mbanwa, wiki hii nimepata barua tatu. Mbili zilikuwa za kunisifu tu, na nimezijibu kwa kirefu. Yako ndiyo yenye shida, basi tuivumilie pamoja. Lakini kwanza niambie, kaa umemwona wapi, wewe mtoto wa Nyeri? Kwa barabara, bahari iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo ulipo. Sisi huku hupita ubavu kama mtu aliyechelewa kanisani.

Sasa korido. Pengine hujui unamwuliza nani. Mimi nimepanga nyumba saba katika mji huu, tangu Majengo hadi Kamakwa, na kila nilipohama majirani walitoka wote kunibebea mizigo bila kuombwa, hata ile ambayo sikuwa nimeifunga. Huo ndio ujirani.

Tena unaniandikia kutoka Ruring'u, mahali pa kuwaaibisha watu wa mizigo! Uwanja wa hapo, unaoupita kila asubuhi ukikimbilia matatu, ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokuja kutoka msituni kuweka silaha chini, Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa mabegani kwa baba, na sitaki kujisifu, lakini makofi ya kwanza yalikuwa yangu. Watu wale walikuwa wamelala Nyandarua na Kirinyaga miaka na miaka. Mali yote ya mtu ilimtosha mkononi na mgongoni: bunduki ya kujiundia, panga, koti la ngozi. Wakaja nayo mchana kweupe, uwanjani. Hakuna aliyesema, "Hii nitaiacha kidogo hapa kwenye ngazi, nitaitoa wikendi." Jirani yako mmoja tu ana mali ya kujaza kambi.

Hata Treetops, ile hoteli ya juu ya mti hapo msituni, njia ilikuwa wazi. Elizabeth alipanda ngazi ya ule mti Februari 1952 akiwa binti mfalme, usiku baba yake akafariki huko Uingereza, akashuka akiwa malkia. Hebu waza angekuta pikipiki ya mtu katikati. Angeshuka akiwa na plasta.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mizigo. Mwaka fulani jirani yangu aliweka sofa koridoni, la watu watatu, rangi ya kahawia, limetoboka upande mmoja sponji ikachungulia. Sikugombana naye. Nilitoka jioni na ndara zangu, kikombe cha chai na sweta niliyokuwa nafuma, nikakaa. Jioni ya pili nikaja na redio. Jioni ya tatu nikaalika chama chetu, akina mama kumi na mmoja, na ajenda ilikuwa ndefu. Siku ya nne alilirudisha sofa ndani. Nikalifuata. Mpaka leo mke wake akisikia ndara zangu kwenye ngazi huzima taa.

Kwako nashauri uanze na godoro. Lala hapo. Ukiona usingizi hauji, itangaze korido kuwa makumbusho, weka kamba, toza mjomba wake kiingilio akija kumtembelea.

Huo mtungi lakini haunichekeshi. Nimepika kantini ya shule miaka 22 na najua tabia ya gesi: ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, hutambaa sakafuni, ikashuka ngazi polepole kama mgeni anayetafuta nyumba, hadi ikute jiko la mtu linawaka. Pikipiki ina petroli. Godoro la sponji likishika, moshi wake mweusi hukuwahi kabla ya moto wenyewe. Watu huambiwa watambae, maana hewa ya kuvuta iko chini karibu na sakafu. Nawe utatambaa wapi, na chini kuna gunia?

Na hilo gunia! Mbona uliandika "kubwa" ukaachia hapo? Limeshonewa kile kichwa cha juu, kama limefunga kilemba? Hilo huitwa mukurino, mjukuu wangu, kwa sababu ya hicho kilemba. Mkulima wa Kieni hulipwa gunia moja, dalali akapakia kilo mia na zaidi. Kanuni za viazi za 2019 zilisema mwisho kilo 50, na bado vilemba vinatembea barabarani mchana. Kwa hiyo jirani yako, licha ya kukuziba njia, ameketisha koridoni kosa la kisheria.

Dawa yake ni rahisi na nimeibuni mwenyewe. Acha taa ya korido ikiwaka usiku na mchana. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, kikawa kichungu, na ukikila kwa wingi tumbo litakuhubiria. Akiona mali inaharibika ataingiza gunia ndani mbio, na pikipiki itafuata kwa aibu.

Keateka wetu ananigongea mlango, kumbe naye anataka ushauri, kwa hiyo nimalize. Usitupe kitu cha mtu nje, utaitwa mwizi wewe. Ongea naye kwanza, Jumapili, akiwa ameshiba. Asiposikia, mwandikie mwenye ploti barua, ubaki na nakala, maana korido ni mali yake na njia ya kukimbia moto ni jukumu lake. Baraza la kodi ya nyumba liache: sheria yake inahusu kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kama Ruring'u umepata nyumba ya bei hiyo, nyamaza, pita ubavu, na uniandikie faraghani.

Umuulize pia jirani kama viazi ni vya aina ya Shangi. Shangi huchipua upesi, na mukimo wangu haupendi kiazi chenye macho. Kama bado ni vizuri, mwambie asimwuzie mtu. Nitapita Jumamosi na debe. Na ile taa, kaizime.