Pigeni Kelele, Ila Si Sasa

Nchini Marekani, ukocha wa timu ya watoto washangiliaji hauanzi na kipaji. Aghalabu huanza na kuchelewa kikao. Ligi nyingi za mtaani huendeshwa na wazazi wanaojitolea, na asiyekuwepo kazi zinapogawanywa ndiye hukabidhiwa filimbi. Mara nyingi mtu huyo hajaruka hata kamba tangu utotoni. Hudhani kazi yenyewe ni kufundisha kupiga kelele, jambo ambalo mtoto wa miaka saba hajawahi kuhitaji kufundishwa.

Ni kweli kwamba mwanzoni zilikuwa kelele tu. Mwaka 1898 Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alijitokeza mbele ya mashabiki akawaongoza kuitikia kwa pamoja, na kwa miaka mingi kazi hiyo ikawa ya wanaume. Aliyeigeuza kuwa somo na biashara ni Lawrence Herkimer wa Texas, aliyeanzisha kambi za mafunzo mwaka 1948 na baadaye akapata hataza ya vishada vya kupepea mkononi. Mruko unaoitwa kwa jina lake, mguu mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa, inasimuliwa kwamba ulizaliwa alipojaribu kupanua miguu yote miwili ikamgomea. Makocha wapya huruka hivyo kila jioni, na hakuna anayewapa hataza.

Somo la kwanza ni kushoto na kulia. Kocha akiwaelekea watoto na kuinua mkono wa kulia, wanaomwiga kama kioo huinua wa kushoto, na waliosikiliza maneno huinua wa kulia. Mstari mzima unakuwa ugomvi wa viwiko. Dawa ni kufundisha kinyume: anataja kulia huku akiinua kushoto. Baada ya siku chache watoto wananyooka. Kocha ndiye anaanza kuwasha indiketa ya kushoto na kukata kona kulia.

Kila tendo hupangwa kwa hesabu ya nane. Watoto husema moja, mbili, kisha nane, kwa sababu kuruka kuko kwenye nane.

Kinachomuumbua kocha zaidi ni mechi yenyewe. Katika mpira wa Kimarekani, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwa hiyo kuna shangwe za kushambulia na shangwe za kulinda, na washangiliaji hutazama jukwaa, uwanja wameupa mgongo. Anayeuona ni kocha peke yake, naye wakati huo ameinama akimfunga mtoto kamba za viatu. Akisikia jukwaa likinguruma huagiza shangwe ya kulinda, na watoto wanapaza sauti, "Wazuieni! Wazuieni!", ilhali mpira uko kwa kaka zao, hatua chache kutoka mstari wa mwisho. Kosa baya zaidi ni kelele wakati kotabeki wa nyumbani, kiongozi wa mashambulizi, anawapa wenzake ishara, maana hawamsikii. Mashabiki wazoefu hunyamaza hapo, wakapiga kelele wageni wakishika mpira. Sasa mweleze mtoto mwenye vishada viwili mkononi kwamba kushangilia ni pamoja na kunyamaza.

Kunyanyuana hakuna mzaha. Wawili hubeba, mmoja hupanda, na mmoja nyuma hulinda kichwa na shingo ya aliyepanda. Kocha asiyepata mafunzo ya usalama hapaswi kuligusa somo hili. Aliyepanda akiyumba, walio chini wanatakiwa wasogee wamdake. Silika ya mtoto ni kukimbia. Ndiyo maana wanaoanza hupanda mapajani tu, juu ya mkeka. Kisha inakuja kesi ya nani apande. Anayefaa ni mtoto anayekaza mwili asilegee, na uzito unafuata baadaye, lakini kila mama ana ushahidi kwamba wake ni unyoya.

Kwenye mashindano ya mwisho wa msimu, onyesho huchukua kama dakika mbili na nusu. Maandalizi huanza alfajiri: vibanio, utepe mkubwa wa nywele, soksi za akiba kwa aliyevaa za rangi nyingine. Timu ikishaitwa jina, kila mtoto anakumbuka kwamba anahitaji kwenda chooni.