Mkandarasi Aliondoka Nayo

Siku hizi mtu wa ofisini husema "tumeshaiweka kwenye mfumo" kama anayetoka makaburini: shughuli imekwisha, tupeane pole, twende tukale wali. Hakuna anayeuliza kama huko ndani faili linafunguka.

Baba mdogo anahangaikia mafao yake. Ofisi moja, siitaji maana bado tunaihitaji, ilimdai barua ya ajira. Barua yenyewe wanayo wao, waliiskani pamoja na majalada yote ya masjala, makaratasi wakayaondoa. Binti wa dirishani, mwenye adabu zake, akatuamkia, akabofya, akabofya tena.

"Baba, barua ipo."

"Haya mwanangu, itoe."

"Ipo kwenye mfumo wa zamani."

"Na huo mfumo uko wapi?"

"Mkandarasi aliondoka nao."

Ameondoka na ajira ya baba mdogo! Ikabaki CD moja ndani ya bahasha, imeandikwa "MAJALADA A–M". Kompyuta yenye mlango wa CD ni ya mhasibu, na mhasibu yuko likizo. Ilipofunguliwa hatimaye, tukakuta Skani0001, Skani0002, na kuendelea mpaka macho yakauma. Ya nani? Ya mwaka gani? Ilitoka jalada lipi? Yule mzee wa masjala, mwenye miwani iliyofungwa uzi, angekutajia namba ya jalada na folio bila kuinua kichwa. Walimstaafisha na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nisiwaonee wetu peke yao. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali la mfalme William wa Uingereza, kwa kutengeneza toleo jipya kwenye diski za leza. Hata watoto wa shule walichangia. Kufika 2002 mashine za kuzisomea zimekuwa adimu, na watafiti wa Leeds na Michigan wakawa wanahangaika kuyaokoa yaliyomo. Daftari la 1086, wino juu ya ngozi, linasomeka mpaka leo, ilimradi unajua Kilatini. Na Idara yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya Wajerumani ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Joto la Dar es Salaam si rafiki wa karatasi, lakini ukilifungua jalada unaona mwandiko. CD yetu ni mdogo wa kitinda mimba wangu.

Dawa wala si siri. Tangu 2005 kuna PDF/A, aina ya faili yenye kiwango cha kimataifa, ambayo hubeba fonti zake ndani ili huko mbele ionekane ilivyoonekana leo. Kuna kuhamisha data kabla chombo hakijazeeka, kuweka nakala mahali zaidi ya pamoja, kuandika kila faili ni la nani na la lini. Na kuna kifungu kimoja tu cha mkataba: mkandarasi akiondoka, data inabaki, tena katika umbo ambalo mwingine anaweza kulifungua. Tatizo ni kwamba haya hayana utepe wa kukata. Mheshimiwa nimemwona akizindua mfumo na keki juu. Sijamwona akizindua kuhamisha faili za mfumo uliopita. Fedha za kununua skana hupatikana. Za kulitunza faili mwaka wa kumi, kila mtu anatazama dari.

Baba mdogo akaingia uvunguni, akavuta sanduku la bati, akatoka na nakala ya kaboni, pini zimeota kutu, kila herufi inasomeka. Binti akafurahi kwelikweli.

"Sasa baba, iskani, uipandishe kwenye mfumo mpya."

Tukaskani. Mfumo ukaikataa: faili lisizidi MB 1. Tukapunguza, ukakataa. Tukapunguza tena mpaka jina la baba mdogo likawa doa na tarehe ikawa vumbi. Ikapokelewa hapo hapo, na alama ya vema ya kijani.