Bethidei ya Mtangazaji: Mwongozo kwa Msikilizaji Asiye na Hatia

Kama uko Marekani, unaendesha lori usiku kutoka Ohio kwenda Pennsylvania na mahubiri yamekuchosha, kuna hatari moja ambayo hukuonywa siku uliyopewa leseni. Inapatikana upande wa chini wa FM, kati ya 88 na 92. Masafa hayo yametengwa kwa vituo visivyo vya biashara: vya vyuo, vya dini, vya jumuiya. Humo ndani kuna watangazaji wa kujitolea, watu wazima wenye sauti ya taratibu, na leo mmoja wao anatimiza miaka. Ameamua kujipongeza kwa kupiga albamu zake kipenzi, zilipendwa za roki, kwa saa nne. Hukualikwa, lakini umeshafika, na adabu za kwetu haziruhusu kuondoka kabla ya chakula.

Utamtambuaje? Atafungua na wimbo wa The Beatles uitwao "Birthday", ule unaoanza upande wa tatu wa albamu yao nyeupe ya 1968. Baada ya hapo utasikia kitu kama vitumbua vikikaangwa. Redio yako haijaharibika. Hiyo ni mikwaruzo ya santuri, na mwenyewe anaionea fahari. Ukimpigia simu kumwambia kwamba wimbo huohuo upo mtandaoni, safi, bila mikwaruzo, umekwisha. Atakueleza tofauti, na atakueleza hewani.

Umri wake hatautaja, nawe usijisumbue kuuliza. Sikiliza tu miaka ya albamu anazozisifia hadi sauti inakwama. Led Zeppelin ya nne, 1971. *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, 1973. *Quadrophenia* ya The Who, 1973 vilevile. Chukua mwaka wa katikati, toa 15, umepata mwaka wake wa kuzaliwa. Ukikosea, ni kwa mwaka mmoja au miwili. Muziki uliomkuta mtu ana chunusi haumtoki.

Hiyo Led Zeppelin ya nne ina mtego wake. Usiulize inaitwaje, maana haina jina. Jalada la mbele lina picha ya mzee aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, halina neno hata moja, hata jina la bendi halimo. Ndani kuna alama nne, kila mwanamuziki na yake. Mtangazaji anazijua zote nne na ana nadharia kuhusu kila moja. Tafuta kituo cha mafuta.

Kama una moyo wa kuvumilia, fuatilia anavyofanya kazi, maana hapo kuna ufundi. Anaweka sindano kwenye mfuo, anaisogeza santuri kwa kidole mbele na nyuma mpaka aisikie noti ya kwanza kwenye spika ya pembeni, halafu anairudisha nyuma kidogo, kama robo ya mzunguko, ili mashine ipate kasi kabla sauti haijatoka. Akisahau kuirudisha, wimbo unaanza kwa kuguna kama mtu aliyeamshwa vibaya. Akisahau kwamba swichi iko kwenye 45 badala ya 33, The Who nzima inaimba kama watoto wa chekechea. Atacheka, ataomba radhi, ataanza upya. Saa nne zinakuwa nne na nusu.

Sasa tuingie kwenye sheria, ambako ndiko utamu uliko. Labda umejiuliza: mbona mtu anayesherehekea albamu hapigi albamu nzima? Anapiga nyimbo mbili, anazungumza, anahamia kwa mwingine. Jibu ni sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998. Kituo kinachorusha matangazo pia kwa intaneti kwa leseni ya kawaida ya sheria hiyo hakiruhusiwi, ndani ya saa tatu, kupiga zaidi ya nyimbo tatu za albamu moja, wala zaidi ya mbili mfululizo. Hata kutangaza mapema nyimbo zitakazofuata hakiruhusiwi. Waliogopa kwamba wewe, kwenye lori lako, ungekaa tayari na kinasa sauti. Kwa hiyo *The Dark Side of the Moon*, ambayo nyimbo zake zimeungana kama maji ya mto mmoja, inabidi ikatwe. Mtangazaji mzoefu hupiga mbili za mwisho, "Brain Damage" na "Eclipse", ambazo wengi huzidhani ni wimbo mmoja, halafu hunyamaza sekunde tatu kwa uchungu.

Lakini tahadhari, tena tahadhari kubwa: sheria hiyo inahesabu nyimbo, haihesabu dakika. Mwaka 1972 Jethro Tull walitoa *Thick as a Brick*, albamu yenye wimbo mmoja tu, uliokatwa vipande viwili kwa sababu santuri ina pande mbili. Dakika kama 43. Nyimbo mbili mfululizo, halali kabisa! Mwanasheria aliyeiandika sheria ile bila shaka hakuwahi kumiliki albamu hiyo. Mtangazaji wako anayo, yenye jalada la mfano wa gazeti, na leo ni siku yake.

Ukisikia wimbo umeanza na haumaliziki, ujue pia kwamba huenda mtu hayupo studio. Nyimbo ndefu ndizo ruhusa ya mtangazaji kwenda msalani, na kila mmoja ana wake. Iron Butterfly, 1968, dakika 17, ngoma pekee katikati. The Allman Brothers Band kwenye *At Fillmore East* ya 1971, "Whipping Post", dakika kama 23, upande mzima wa santuri. Akipiga huo wa mwisho, nakuambia, kuna keki mahali fulani kwenye korido.

Kati ya keki na keki atakuhutubia. Atasema kwamba redio ya AM ilikuwa ikipiga nyimbo za dakika tatu tatu mpaka mwaka 1967, Tom Donahue alipoingia kituo cha KMPX kule San Francisco na kuanza kupiga nyimbo ndefu za albamu kwenye FM, akichagua kwa sikio lake. Kisha, katika miaka ya 70, wakaja washauri na orodha zao za utafiti. Kisha, 1996, sheria ikaondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, wakubwa wakanunua kwa mamia, na kompyuta ikakabidhiwa kazi ya kuchagua. Hotuba hii ni ya kweli tupu, ndiyo maana inachosha. Kwenye vituo vile vikubwa utasikia "Hotel California" saa mbili asubuhi na utaisikia tena kabla hujalala, na hakuna mtu wa kumlaumu. Huku kwenye 89 na nukta zake, yupo. Anakohoa.

Kuna majina hayatatajwa, na hilo nalo ulijue. Chuck Berry na Little Richard hawatatokea, wala Sister Rosetta Tharpe aliyelipiga gitaa la umeme kabla ya hao wote kujua kuvaa viatu. Walitamba enzi za santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, na sherehe hii ni ya albamu, kwa hiyo waasisi wamebaki nje ya geti kwa kukosa kadi. Jimi Hendrix ataingia, kwa *Electric Ladyland* ya 1968. Wanawake wataingia wawili watatu, Joni Mitchell akiwa wa kwanza, na kila mmoja atatambulishwa kwa sentensi ndefu kuliko ya mwanaume yeyote.

Kisha inakuja zamu ya Queen, *A Night at the Opera*, 1975, na hapo wewe Mswahili utashikwa na kiherehere. Mkono utakwenda kwenye simu wenyewe. Unataka kumwambia Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Tulia! Anajua. Anajua ni Septemba 5, 1946, anajua jina ni Farrokh Bulsara, anajua familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, na anajua mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London aliipiga "Bohemian Rhapsody" mara 14 katika wikiendi moja kabla haijatoka. Kitu asichokijua ni sauti ya mtu anayetoka huko. Ukitamka tu kwamba unamjua anayekaa Mji Mkongwe, utawekwa hewani, utaulizwa kama watu wa kwenu wanaimba Queen kwenye harusi, na utakuwa mgeni rasmi hadi utakapovuka mpaka wa jimbo.

Usiseme ndiyo. Usiseme hapana pia. Mwambie taarab, ataandika.

Saa ya mwisho ni ya michango. Kituo hakina matangazo ya biashara, umeme unalipwa na wasikilizaji, na sasa mwenye bethidei anaomba zawadi kwa niaba ya antena. Wewe uliyeponea kamati za harusi za Dar unadhani una kinga. Huna. Kule kwetu mwenyekiti wa kamati hukufuata kwa simu. Huyu hakufuati popote, anasema tu kwa upole kwamba zimebaki dola mia mbili, halafu anapiga wimbo mzuri. Ukichangia utapata kikombe chenye namba ya masafa, na jina lako litasomwa. Litasomwa vibaya. Atajaribu mara tatu, akianza na herufi "Ng".

Akisema "huu ndio wa mwisho", bado zipo nne. Mtangazaji wa kipindi kinachofuata ameshafika, amekaa na banjo yake mapajani, ametazama saa mara mbili, na hana la kufanya, kwa sababu wiki ijayo ni bethidei yake.