Muhadhara wa Nasaba kwa Njia ya Mate

Mabwana wa baraza, mashangazi mnaosikiliza dirishani, nanyi vijana mliofuata kahawa: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Elimu ya Nasaba, shahada niliyojitunuku mwenyewe kwa kukosekana hapa Mombasa mtu wa kunitahini.

Njia ni hii. Kwa nusu saa huli, hunywi, hutafuni tambuu. Kisha unatema mate kichupani mpaka yafike mstarini, povu halihesabiwi. Changu kilipelekwa maabara na mpwa wangu wa Toronto. Huko hawasomi DNA yako yote. Wanakagua sehemu laki kadhaa tu, wanazilinganisha na za watu wa leo ambao asili yao inajulikana, kisha wanakukatia asilimia. Mjinga huziita makadirio. Mimi naziita cheti.

Cheti changu: Uajemi, asilimia 14. Mshirazi huyu hapa, mtazameni! Zile 86 zilizobaki ni za Afrika, nazo haziingii katika mada ya leo.

Naona kijana kanyoosha mkono. Ndiyo, najua: mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara. Ukaonyesha kwamba mnamo mwaka 1000 hivi damu za Asia na Afrika zilianza kuchanganyika, na upande wa Asia wengi walikuwa wanaume wa Kiajemi. Si nilisema? Babu alishuka jahazini! Eti? Mabibi walikuwa Waafrika, na kwa wengi wa waliopimwa upande wao ulizidi nusu? Kaa chini, mwanangu. Bibi hakupanda jahazi, nitamhadithia nini?

Sasa suala zito. Ndugu yangu, tumbo moja baba mmoja, naye alitema, akapata 9. Wataalamu wanadai kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, ila si nusu zile zile, ndipo ndugu wa damu wakapishana. Maelezo ya kuwafariji wenye 9. Nilimwandikia barua rasmi kwamba kiti cha enzi cha marehemu babu kihamie sebuleni kwangu, na kwenye picha za harusi asimame nyuma.

Kabla hajajibu, kampuni ikaongeza watu wa kulinganishia, ikapiga hesabu upya. Mate yale yale, sikutema hata tone jingine, nikashuka hadi 8. Yeye akapanda hadi 11. Hapo ndipo nilipovumbua kanuni ambayo sayansi bado haijaifikia: nasaba husimama palepale iliposomwa mara ya kwanza. Kiti sikirudishi.

Jambo la mwisho, kahawa isije ikapoa. Tovuti yao huorodhesha pia jamaa zako wa damu. Ukimtoa ndugu yangu, wangu wa karibu kuliko wote ni mama mmoja wa Kaloleni, aliyepimwa kwa hisani ya bintiye aliyeko Ujerumani. Ameniandikia kwa furaha, ananiita kaka, anauliza nitafika lini kwenye mahari ya mwanawe na mchango wangu ni kiasi gani. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba vipimo hivi, kama ajuavyo kila msomi, ni makadirio tu.