Leta Uzi, Leta na Kichwa

Ukitaka kumtambua mtoto mchanga mtaani Bungulu, usisikilize kilio, tafuta sufu. Saa saba mchana, jua la Beni likiwa utosini, mabati yanalia na mbuzi wamejibanza chini ya baraza, utamwona mama anapita na kichanga kilichovikwa kofia ya sufu yenye kishada, soksi za sufu na blanketi la sufu, kana kwamba safari ni ya kupanda theluji ya Ruwenzori na si ya kuvuka barabara kununua chumvi. Beni, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, iko kilomita 55 hivi tu kaskazini ya ikweta. Muulize mama kwa nini, atakujibu: upepo. Upepo gani? Upepo. Na bibi wa mtoto, anayefuata nyuma, atakutazama toka juu mpaka chini ajue umelelewa na nani.

Mimi silalamiki. Upepo huo ndio unaonilisha, maana hizo kofia nafuma mimi.

Taabu ni kwamba hakuna anayeamini kuwa ni kazi. Fundi wa cherehani anaheshimiwa kwa sababu mashine yake inapiga kelele. Hata akiwa hashoni kitu, akikanyaga tu mtaa mzima unajua fundi yuko kazini. Mfumaji amekaa kimya kwenye kigoda, vidole tu vinacheza. Basi kila apitaye anamwachia mzigo. "Yaya, kwa kuwa umekaa, nishikie mtoto." "Mama, kwa kuwa umekaa, uniangalizie maharage." Nimewahi kufuma mkono wa sweta huku mapajani kuna mtoto wa jirani anayevuta uzi kwa bidii, pembeni kuna sufuria ya sombe isiyo yangu, na mgeni wa nyumba ya tatu amekaa ananisubiri nimwambie wenyeji wamekwenda wapi. Mkono ule ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Mwenye sweta alipouliza, nilimwambia akadai fidia kwenye sombe.

Shemeji yangu, mfanyabiashara wa Butembo, ana ushauri wa kisasa zaidi: nitafute mashine. Ya kufuma ipo, tena si ya jana. Mwaka 1589 kasisi mmoja Mwingereza, William Lee, alitengeneza mtambo wa kufuma soksi, na tangu hapo viwanda havijalala. Lakini kroshe mpaka leo haijapata mashine inayouzwa. Vitu vya dukani vinavyofanana nayo ni vya kuiga. Kitambaa cha kroshe cha kweli, popote utakapokinunua, kimepita vidoleni mwa mtu, kitanzi baada ya kitanzi. Nilipomweleza shemeji habari hii alicheka sana. "Guangzhou hawakosi kitu," akasema, na akaniahidi kuniletea hiyo mashine safari ijayo. Amekwenda na kurudi, na bado anaitafuta. Wanande hatukubali kirahisi kwamba kuna bidhaa isiyouzwa.

Kwa sasa mashine yangu ni spoki za baiskeli. Sindano za dukani zipo, ila za unene unaoutaka ndizo zilizokwisha jana. Kwa hiyo unachukua spoki, unakata kichwa, unanoa ncha kwenye jiwe, unapiga msasa mpaka isikwaruze uzi, na upande wa pili unachomeka kipande cha ndala ili vitanzi visitoroke. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, na maana yake ni kwamba vitanzi vinakuwa vidogo na sweta la mtu mzima linakula majira yote ya mvua. Mwanamke akija kuagiza la mume mwenye kitambi, nampa pole mapema. Jambo jingine ni majirani. Gurudumu la mtu likianza kuyumba, hapitii kwa fundi kwanza, anapitia kwangu. Anasalimia vizuri, anauliza hali ya watoto, anakaa, na muda wote macho yake yanahesabu sindano.

Uzi ndio hadithi yenyewe. Ule mpya, unaoingia kutoka Uganda kupitia Kasindi, hupanda bei kila barabara inapochafuka, na barabara zetu huchafuka kwa sababu nyingi. Hivyo wengi wetu tunakwenda kwenye mitumba, tunanunua sweta lililochoka, tunalifumua, tunaufua uzi, tunauanika umefungiwa jiwe ili unyooke, tunauviringisha upya. Lakini si kila sweta linafumuliwa. Lazima uligeuze uangalie mishono ya ndani. Kama pande zake zilifumwa kwa umbo na kuunganishwa ukingo kwa ukingo, nunua. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kikashonwa ukingo kwa mashine, achana nalo. Kila safu itakutokea kipande kifupi, na utarudi nyumbani na gunia la vijiuzi vya kufungia sambusa. Mahali pazuri pa kuangalia ni kwapani. Sasa fikiria mama mtu mzima, mbele ya rundo la nguo za wanaume, hapimi ukubwa, haulizi bei, anageuza kwapa moja baada ya jingine na kulisogeza machoni. Kuna muuzaji mmoja aliyewaeleza wateja wake, kwa huruma kabisa, kwamba mama huyu mumewe amempa mashaka na ananusa kutafuta marashi ya mwenzie.

Halafu kuna kipimo cha kibiriti. Ukiwasha kipande cha uzi, sufu ya kondoo hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ni kipimo safi, hakina gharama. Gharama nilikutana nayo kwa mama mkwe, aliyenusa nywele zikiungua nyuma ya nyumba ya mwanawe usiku, akamkuta mkaza mwana amechuchumaa juu ya sahani, anatazama majivu na kusema, "Huyu ni wa kweli." Alirudi na dada wawili wa kanisani. Tuliomba mpaka taa ikaisha mafuta. Siku hizi nachoma uzi mchana, tena sokoni, mbele ya mashahidi.

Lakini hakuna kesi iliyonichosha kuliko ya kofia ya Kambale. Wasomaji wa mbali waelewe kwamba sisi Wanande tuna majina yanayofuata zamu ya kuzaliwa, na Kambale ni mtoto wa pili wa kiume. Shangazi mmoja akaagiza kofia ya mjukuu, ya samawati, jina limefumwa kwa manjano: KAMBALE. Nikamwonya. Akasema jina la mtoto ni heshima yake. Nikafuma, nikaifua, nikaianika kambani. Ilipopotea nikatangaza kwamba atakayeiona kofia yenye jina Kambale airudishe kwa mwenyewe. Tangazo lilifanya kazi kupita kiasi. Nyumba nne zilidai kuwa mwenyewe yuko kwao, kila moja na Kambale wake, na kofia yenyewe hatimaye ikaonekana kichwani mwa motari, dereva wa pikipiki mwenye ndevu, imemkalia utosini juu kabisa, haijafika hata karibu na masikio. Nikamwambia, baba, hiyo ni ya mtoto wa miezi sita. Akaivua, akanionyesha herufi moja moja. "Mama, soma mwenyewe." Tukafika kwa mzee wa avenyu. Mzee alisikiliza pande zote, akaomba kitambulisho cha motari, akalinganisha na kofia, akakuta maandishi yanalingana. Nilifuma nyingine. Shangazi akakubali isiwe na jina, ila akaomba nipunguze bei, kwa kuwa herufi zimetoka.

Kuuza napeleka Butembo, kilomita 54 hivi kusini yetu, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700, na huko baridi si maneno ya bibi. Njiani kuna vizuizi. Siku moja askari akafungua mfuko wangu, akatoa spoki mbili zilizonolewa, akaziinua juu ili gari zima lizione. Sikumlaumu. Watu wameuawa kandokando ya Beni tangu Oktoba 2014, na chuma chenye ncha si jambo la mzaha kwetu. Aliuliza ni za nini, nikasema za soksi. Akasema nimwonyeshe. Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara nikafuma, abiria wamenizunguka, dereva anatazama saa, mama mmoja kutoka kiti cha nyuma ananisahihisha kisigino. Kufikia safu ya tatu askari alikuwa amechuchumaa. Akauliza kama natengeneza na za watoto. Wake ana ukubwa gani? "Wa kawaida," akajibu, kisha akanyoosha kidole gumba kama kipimo. Nilimfumia soksi za gumba lake. Sijui zilimwenea nani.

Misiba midogo ya baada ya kukabidhi zawadi sitaimaliza. Wifi yangu, mtu safi mno, aliamua kunyoosha kishali cha akriliki kwa pasi ya makaa. Kishali kikashikamana na pasi, na kwa wiki kadhaa mashati ya mumewe yalikuwa na mstari wa waridi mgongoni. Ebola ilipotangazwa, tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina hapo jirani, mji mzima uliishi na ndoo za klorini, na klorini hula sufu. Shali ya sufu halisi niliyomfumia bibi mmoja ililowekwa usiku kucha na mjukuu mwenye nia njema. Asubuhi ilikatika kwa kuguswa. Bibi mwenyewe alipita salama mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, na mpaka leo akiniona ananidai shali.

Na kuna kundi la mwisho, wale wasiovaa kabisa. Unamfumia mtu blauzi ya kroshe kwa miezi, unampelekea, anashangilia, kisha wiki inayofuata unaikuta imetandikwa juu ya televisheni. Ukimuuliza anasema ni nzuri mno kuvaliwa. Sina jibu la hilo. Nimeanza kupima televisheni kabla.

Kwa hiyo wewe unayetarajia mtoto, au dada wa anayetarajia, usije kwangu siku ambayo maumivu yameanza. Njoo miezi miwili kabla. Leta uzi au pesa ya uzi, na nusu ya malipo ya ufundi mkononi. Ukubwa wa kawaida haupo. Kama ni kofia ya mtu aliyekwisha kuzaliwa, mlete na kichwa chake. Shukrani yetu ya Kinande, wasingya, naipokea kwa mikono miwili, ila muuza uzi hana chenji yake.